Daftari la Abiria

Msafiri wa leo aendaye Unguja kutoka Dar es Salaam huihesabu safari yake kwa saa. Boti ya kasi humfikisha bandari ya Malindi baada ya saa mbili hivi. Wazee wetu waliihesabu kwa upepo na maji. Nahodha wa jahazi alitazama mawingu, akangoja maji yajae, kisha akatweka tanga kwa jina la Mola. Hakuwa na orodha ya abiria, wala hakuihitaji. Watu wake walikuwa wachache, akiwajua kwa sura, kwa ukoo na kwa mtaa. Jahazi likipotea, mji ulijua ni nani wa kusomewa hitima.

Vyombo vikakua. Serikali ya Zanzibar ikawa na meli za kuunganisha Unguja na Pemba, zikichukua watu na karafuu pamoja. Mojawapo ni MV Mapinduzi, iliyoundwa Finland mwaka 1974. Katika miaka ya 1990 zikaenea boti za kasi za watu binafsi. Abiria wakawa mamia, na nahodha hakuweza tena kuujua kila uso. Alichokijua babu yake kwa macho, sasa kilipaswa kujulikana kwa karatasi.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, karatasi hiyo ilitutupa mkono. MV Spice Islander, ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama katika mkondo wa Nungwi. Iliruhusiwa kuchukua watu mia sita na ushei. Ilichukua zaidi ya 2,000. Maiti zilizopatikana zilikuwa 203. Tume ya uchunguzi ilipomaliza kazi yake, waliokufa na waliopotea walifikia 1,573. Tofauti ya hesabu hizo mbili ni watu ambao bahari haikuwarudisha. Majina yao yalitoka vinywani mwa jamaa waliowangoja, si katika orodha ya meli.

Miezi kumi baadaye, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe, ikitoka Dar es Salaam. Iliundwa Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya maji yaliyofichika na bahari kuu, katika jimbo la Washington; huku kwetu ilikutana na kusi, nayo imezidisha abiria.

Wahenga walisema, chombo cha kuzama hakina usukani. Wengi huyashika maneno hayo wakanyamaza. Kudra haipingwi, lakini idadi ya watu wanaopandishwa chomboni huamuliwa na binadamu, na daftari huandikwa kwa mkono wa binadamu. Basi tunapoulizwa jina kwenye dirisha la tiketi, tusione ni usumbufu. Tulitaje kwa ukamilifu, na la mtoto tuliyempakata tulitaje pia. Ndiyo njia iliyobaki ya nahodha kutujua.