Sindano na Mtulinga

Njia panda ya Sonatubes, mjini Kigali, imerithi jina la kiwanda cha mabomba. Mwilini namo mna mabomba yaliyofichika, na mdungaji wa akupancha, ile tiba ya Kichina ya sindano, asipoyajua aweza kuua.

Wachina waliling'amua hilo zamani. Kitabu chao cha kale, Huangdi Neijing, kinaonya juu ya viungo visivyofaa kufikiwa na sindano. Mnamo 1027, Wang Weiyi alisimamia utengenezaji wa sanamu mbili za shaba zenye matundu, ambazo wanafunzi walitahiniwa kwazo. Lakini shaba haipumui. Ncha ya pafu la mtu hai hupanda sentimita 2 au 3 juu ya mtulinga. Sindano ikizama mno begani, hewa huingia kifuani, pafu likasinyaa.

Madaktari wa Kichina walianza kazi Rwanda mwaka 1982, katika hospitali ya Kibungo, na Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa mafunzo na usalama wa akupancha mwaka 1999. Onyo hilo litamfikiaje mgonjwa kwa Kiswahili? Neno mtulinga tunalo tangu kale, ila wanafunzi wangu wengi husema “mfupa wa bega”, nao huo ni mfupa mwingine kabisa, uliopo mgongoni.