Martineta

Martineta (Eudromia elegans) ni ndege wa familia ya tinamu anayeishi katika nyika kame za vichaka huko Argentina na kusini mwa Chile. Ana urefu wa sentimita 40 hivi, manyoya ya kahawia yenye madoadoa meupe na kishungi kirefu chembamba. Akihisi hatari hujibanza chini ya kichaka au hutokomea kwa miguu. Huruka akikosa budi, kwa kishindo, na hafiki mbali, maana moyo wa tinamu ni mdogo mno ukilinganishwa na mwili. Wahispania waliofika huko waliwaita tinamu kwa jina la kwale wa kwao, na kwa umbo walikuwa na haki. Kwa nasaba walikosea: ndugu wa martineta ni mbuni, emu na nandu.

Ushahidi wa kwanza umo mdomoni. Mifupa ya kaakaa ya tinamu imepangwa kama ya emu, si kama ya kwale wala kuku. Mwanabiolojia Thomas Huxley aliliona hilo mwaka 1867, lakini bado akawaweka tinamu upande wa ndege wenye mkuku, yaani ule ukingo wa mfupa wa kidari unaoshikilia misuli ya mabawa. Mbuni hana mkuku. Wengine huongeza kwamba dume la martineta ndilo linaloatamia yale mayai ya kijani yanayong'aa kama kigae, sawa na dume la nandu. Hoja hiyo ni nyepesi, kwa kuwa wapo madume ya ndege wasio na undugu nao yanayoatamia pia. Vidole vitatu vya martineta, kama vya emu na nandu, navyo visihesabiwe. Tinamu wengi wana kidole cha nyuma pia.

Pingamizi zito ni lile lililomzuia Huxley: tinamu anaruka, mbuni na wenzake hawaruki. Lakini mkuku ni urithi wa kale ambao ndege wengi wanao, na kuwa nao hakumtengi ndege na nduguze walioupoteza. Uchunguzi wa jeni, zikiwemo zilizotolewa katika mifupa ya moa, ndege wa New Zealand aliyetoweka, umeonyesha kuwa tinamu na moa ni ndugu wa karibu kuliko moa na mbuni. Moa hakuwa hata na mabawa! Basi ama tinamu alirudishiwa uwezo wa kuruka, ama wenzake waliupoteza kila mmoja kwa wakati wake. La pili ndilo lenye mfano: dodo wa Mauritius, ambaye hakuweza kuruka, alitokana na njiwa.

Wapo wanaomwona martineta kama ndege aliye njiani kuacha kuruka. Moyo wake unashawishi hivyo, ila mruko huo mfupi ungali unamtoa mbele ya mbweha.