Bei ya karafuu na jamvi la mkulima

Mwaka 1937 wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja waligoma kununua karafuu. Serikali ya kikoloni ilikuwa imekipa Chama cha Wakulima wa Karafuu mamlaka makubwa juu ya ununuzi wa zao hilo, kwa hoja ya kumnusuru mwenye shamba aliyezama katika madeni. Kule India chama cha Congress kiliunga mkono mgomo, na soko lililokuwa likimeza shehena kubwa ya Zanzibar likafungwa. Mwaka uliofuata pande zote zikapatana na wafanyabiashara wakarudishiwa nafasi yao.

Katika mvutano ule, mkulima hakuulizwa kilo moja inamgharimu nini.

Gharama hiyo huanzia mtini. Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo inayotoa karafuu nyingi zaidi. Huko matumba huchumwa kabla ua halijachanua, na mchumaji hulipwa kwa pishi. Kisha karafuu huchambuliwa kutoka kwenye makonyo, mara nyingi usiku, nyumba nzima ikishiriki, na asubuhi huanikwa. Kilo tatu mbichi hukauka zikawa kama kilo moja. Mvua ikizikuta nje, au zikirundikwa zingali mbichi, huvunda na kupauka. Zikianikwa chini pasipo jamvi huokota mchanga. Majamvi, ujira wa wachumaji na chakula chao vyote hulipwa kabla mwenye shamba hajaona shilingi ya mauzo. Kwa hiyo bei ya kununulia ndiyo huamua kama mtu ataongeza jamvi jipya au ataanika ovyo ovyo tu.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ununuzi ulishikwa na serikali kupitia Shirika la Taifa la Biashara, ZSTC. Indonesia, yenye sigara zake za kretek zinazochanganywa na karafuu, ilikuwa mnunuzi mkubwa, na bei ya dunia ilipopaa hazina ilijaa. Mkulima alipewa sehemu ndogo. Matokeo yake yalikuwa magendo: magunia yalivushwa usiku kwa mashua hadi pwani ya Kenya, licha ya sheria kali. Mikarafuu ilizeeka bila mingine kupandwa. Indonesia ilipojitosheleza kwa karafuu zake yenyewe katika miaka ya 1980, bei ya dunia ikaporomoka, na Pemba haikuwa na akiba ya miti wala ya imani.

Mageuzi ya kweli yalikuja kuanzia 2011. Bei ya mkulima ilipandishwa sana, na serikali ikaweka lengo la kumpa asilimia 80 ya bei ya kuuzia nje. Miche iligawiwa bure. Kwa miaka kadhaa daraja la kwanza lilinunuliwa kwa shilingi 14,000 kwa kilo, la pili 12,000 na la tatu 10,000. Pengo hilo la shilingi 2,000 ni jambo la maana kuliko linavyoonekana, kwa sababu linailipa kazi ya kuchambua vizuri na kuanika kwa subira. Shirika likitaka karafuu safi, lilinde pengo hilo hata msimu ambao soko la dunia limelegea.