Shangazi, T-Junction na mbiru

Leo naomba nianze kwa kukiri kosa.

Filamu ya T-Junction ya Amil Shivji ilifungua tamasha la ZIFF pale Zanzibar mwaka 2017. Mimi niliiona baadaye, nikiwa ndiyo nimeanza kazi ya uandishi wa habari. Nikaandika aya chache za kujiamini sana: filamu nzuri, lakini mtu wa kawaida hataiweza. Inakwenda taratibu, haina ngumi, haina steringi wa kumshangilia. Mhariri akapitisha, nami nikajiona mchambuzi.

Kama hukuiona, kisa chenyewe ni hiki. Fatima, msichana wa Dar es Salaam, amefiwa na baba ambaye hawakuwa karibu. Hospitalini anakutana na Maria, naye Maria anamsimulia kidogo kidogo habari za wachuuzi wa njia panda, watu wanaoishi kwa biashara ndogo za barabarani na wanaojaliana kama ndugu.

Basi, likizo moja nikaenda nyumbani Same. Shangazi yangu anauza tangawizi ya Mamba Myamba na vitunguu kwa abiria wa mabasi ya barabara kuu ya Dar na Arusha. Jioni moja nikachomeka flashi kwenye runinga yake. Tulikuwa watu sita, pamoja na kijana wa bodaboda wa jirani.

Kijana wa bodaboda alianza kulalamika mapema. "Bro, steringi yuko wapi hapa?" Shangazi hakugeuka hata kumtazama. "Steringi ni wewe," akamjibu, "unayehangaika na hesabu ya tajiri kila jioni. Kaa utulie."

Filamu ilipoisha nikamuuliza ameionaje. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Huyo Maria anasimulia kama sisi. Hakupi jambo lote, anakuzungusha mpaka uwe tayari." Halafu akaongeza neno ambalo sijalisahau: "Na hakuna aliyenifundisha kitu. Hizi sinema zinazoletwa kwa ajili yetu, mwanangu, kila mara lazima mtu atufundishe." Nikakumbuka kwamba huyu mama aliwahi kuvunjiwa meza yake na bidhaa zikamwagwa barabarani. Sikuwa nimemwuliza hata siku moja ilikuwaje.

Niliporudi Dar nikaanza kusoma historia ya sinema nchini. Nikagundua kosa langu lina umri mkubwa kuliko mimi, na lilianzia jirani tu na kwetu. Ukitoka Same kuelekea Korogwe, unaiacha milima ya Upare na kuifuata ya Usambara. Huko juu, mahali panapoitwa Vugiri, kati ya mwaka 1935 na 1937 kulikuwa na kituo cha kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika. Fedha nyingi zilitoka shirika la Carnegie la Marekani, na mradi ulikuwa chini ya Baraza la Kimataifa la Wamisionari. Msimamizi mkuu wa utengenezaji alikuwa Meja L. A. Notcutt.

Huyu Notcutt alikuwa amesimamia mashamba ya mkonge. Wazo la sinema lilimjia akiwa huko: aliona kwamba sinema shambani ingesaidia kuwafanya vibarua waridhike. Naomba usome sentensi hiyo mara mbili. Sinema ya mtu wa chini katika nchi yetu haikuanza kwa kuuliza mkata mkonge anaishije. Ilianza kwa kuuliza atulizwe vipi.

Vugiri ilitoa filamu fupi 35 hivi. Lori lilizizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda, hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambazo leo ni Malawi na Zambia. Kulikuwa na filamu ya safura, ya kuhifadhi ngozi, ya benki ya posta. Ilikuwepo Gumu, kisa cha kijana wa kijijini anayekwenda mjini na kuharibikiwa. Na ilikuwepo filamu ya kodi, iliyoeleza faida za kulipa kodi. Maoni ya watazamaji yalikusanywa, na ripoti ikatoka mwaka 1937. Lakini swali kubwa la mradi mzima lilikuwa moja: je, wameelewa? Kama kuna aliyeuliza "je, ni kweli?", sauti yake haisikiki sana.

Sasa tazameni kilichotokea kwetu. Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili watawala walileta Upare kodi ya ziada iliyoitwa mbiru, iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Januari 1945 maelfu ya watu walishuka milimani wakaja Same, makao makuu ya wilaya, kuikataa. Mgogoro ukaendelea kwa muda mrefu, na kule Usangi wanawake nao wakaandamana. Mwishowe kodi hiyo ikafutwa. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili mwaka 1971.

Sisemi kwamba walioandamana walikuwa wameiona filamu ya kodi. Ninachosema ni kwamba walikuwa na maoni, na maoni hayo hayakuwa na nafasi katika lile swali la kama wameelewa. Walielewa vizuri sana. Ndiyo maana walikataa.

Mfano mwingine ni Rashidi Kawawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kabla ya siasa, alikuwa mwigizaji mkuu katika Muhogo Mchungu, filamu iliyotengenezwa chini ya serikali ya kikoloni, kisa cha mshamba aliyeingia Dar es Salaam. Mwaka 1955 huyohuyo akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, na mwaka 1962 akawa waziri mkuu. Kwenye sinema mtu wa chini alichekwa kwa ushamba wake. Nje ya sinema mwigizaji wake alikuwa akiwapanga wafanyakazi wadai mishahara.

Sasa nirudi kwenye aya zangu. Nilipoandika kwamba mtu wa kawaida hataiweza T-Junction, niliuliza swali lilelile la Vugiri: wataelewa? Elimu ya chuo kikuu na kitambulisho cha uandishi vilinipandisha kwenye lori la Meja Notcutt bila mimi kujua. Sikumwuliza mtu yeyote anayeuza kitu barabarani. Nilimkadiria tu.

Kijana wa bodaboda ana haki ya kuchoka, na hadi leo anasema filamu ile ilikosa ngumi. Hayo nayo ni maoni. Lakini asubuhi yake shangazi alikwenda stendi na tangawizi yake, na jioni nikamkuta anawasimulia wenzake habari za Maria. Alikuwa anawazungusha, hawapi jambo lote. Nikakaa chini pembeni yake. Alipomaliza nikamwuliza, kwa mara ya kwanza, siku ile walipoivunja meza yake ilikuwaje.

Alinisimulia hadi saa nne usiku.