Kufungwa kwa McColo

McColo ilikuwa kampuni ya kupangisha seva mjini San Jose, California, iliyojulikana vibaya kwa kuwapa hifadhi wahalifu wa mtandaoni. Tarehe 11 Novemba 2008, baada ya mwandishi Brian Krebs wa Washington Post kuwapelekea ushahidi waliokuwa wakiiunganisha na intaneti, Hurricane Electric na Global Crossing waliikatia laini. Barua pepe taka duniani zikapungua ghafla kwa takriban theluthi mbili.

McColo yenyewe haikuwa ikituma barua hizo. Seva zake zilitoa amri tu kwa kompyuta zilizotekwa na programu hasidi kama Srizbi na Rustock. Hata kompyuta ya mkahawa wa intaneti mjini Kamina ingeweza kuwamo, ikimaliza kifurushi cha setilaiti huku mwenyewe akiyalaumu mawingu.

Nafuu haikudumu. Tarehe 15 Novemba McColo ilirudi hewani kwa muda mfupi, udhibiti wa Rustock ukahamishiwa kwingine. Kufikia Machi 2009 taka zilikuwa zimejaa tena. Kampuni nyingine ya kupangisha seva, 3FN, ilipofungwa Juni 2009, upungufu wa taka ulikuwa mdogo: watumaji walikwisha kutawanya seva zao.