Kirago cha Mpagazi

Msikilizaji, juma lililopita nilipata barua ya kijana mmoja wa Morogoro ambaye anajiandaa kupanda Mlima Kilimanjaro na wenzake watatu. Hema wameahidiwa, begi la kulalia ameazima kwa binamu yake, na blanketi la akiba analo. Swali lake ni moja tu: chini atandike nini? Dukani ameonyeshwa sponji jembamba la kukunja, godoro la kupuliza kwa mdomo, na jingine ambalo muuzaji anaapa kuwa linajijaza upepo lenyewe. Bei zinatofautiana kama mbingu na ardhi. Mwisho wa barua anaomba radhi kwa kunipotezea muda na jambo dogo.

Kijana asiombe radhi, maana jambo hili si dogo hata kidogo. Lina historia ndefu katika nchi hizi, na sehemu ya historia hiyo tunaitamka kila siku bila kujua.

Hebu tujiulize. Timu ikitolewa kwenye mashindano tunasema imefungishwa virago. Mpangaji akishindwa kodi anafunga virago. Sasa kirago ni nini? Nimewauliza vijana kadhaa hapa mtaani. Mmoja alisema ni begi, mwingine akasema ni vyombo vya ndani. Wote wamekosea, ingawa siwalaumu. Kirago ni mkeka. Ni mkeka mnene wa nyasi ngumu au matete, wa kulalia safarini, ambao msafiri aliukunja alfajiri, akaufunga kamba na kuondoka nao. Lugha yetu ilipotafuta neno la kuondoka haikuchagua hema, wala sufuria, wala fimbo. Ilichagua kitu cha kulalia chini.

Na waliobeba virago hivyo ni wapagazi. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo na bandari za jirani, ikapita Ugogo hadi Tabora, na kutoka hapo kwenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Ilikuwa safari ya miezi mitatu au zaidi, kwa miguu. Wanyamwezi ndio waliosifika kuliko wote kwa kazi hiyo, na kwao ilikuwa kazi ya heshima. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, ama za pembe za ndovu, ama za vitambaa, ama za shanga. Hiyo ni mali ya tajiri. Juu yake mpagazi aliongeza vitu vyake mwenyewe: chungu cha kupikia, posho yake, silaha, na mkeka au ngozi ya kulalia.

Fikiria hapo, msikilizaji. Mtu ana kilo 32 begani na jua la Ugogo kichwani, na bado anakubali kuongeza mkeka. Mtu wa namna hiyo habebi kitu kwa anasa. Angeweza kujiambia kwamba ardhi ipo kila mahali na haina bei. Lakini alijua kwamba asiyelala usiku hatembei mchana, na asiyetembea huachwa njiani. Jioni walipofika kambini walijenga vibanda vya nyasi, wakawasha moto, wakatandika nyasi na majani, na juu yake virago. Usingizi wao ulikuwa na mpangilio wake.

Wageni kutoka Ulaya waliokuja na misafara hiyo walileta vitanda vya kukunja, na vitanda hivyo, bila shaka, vilibebwa na wapagazi. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwaka 1857 wakafika Ujiji mwezi Februari 1858, na kwa sehemu kubwa ya njia walikuwa wagonjwa, mara nyingine hata wakibebwa wao wenyewe. Miaka miwili kabla yao, mwaka 1855, Mwingereza Francis Galton alikuwa amechapisha London kitabu cha mafunzo kwa wasafiri, akayapa magodoro na vitu vya kuyabadili nafasi ya kutosha. Ushauri wake mmoja naupenda: anayelala chini akwangue kishimo kidogo mahali nyonga yake itakapokaa, maana nyonga ndiyo inayoumia. Waliolala chini usiku wa matanga, au kwenye uwanja wa mkutano wa injili, wanaelewa anachosema.

Naye David Livingstone, alipofika kijiji cha Chitambo mwaka 1873 akiwa mgonjwa sana, watu wake wakiwemo Chuma na Susi walimtengenezea kitanda cha miti na nyasi, kilichoinuliwa kutoka kwenye ardhi yenye unyevu. Ndicho alichokuwa amepiga magoti kando yake walipomkuta amekufa. Kwa usalama wa mlalaji sijui kama duka lolote la leo lingewapa ushauri bora zaidi katika mazingira yale: kwanza epuka maji, kisha weka kitu kinachoshika hewa.

Hewa ndiyo siri yenyewe. Mimi niliijua kwa aibu.

Mwaka 1988, nikiwa mwanafunzi, nilipanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame na marafiki watatu. Fedha zilikuwa kidogo, vifaa vya kuazima. Usiku wa pili tulilala uwanda wa Shira, kwenye mita 3,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Mimi nilikuwa na mablanketi mawili mazito na karatasi ya nailoni. Nailoni niliitandika chini, mablanketi yote mawili nikajifunika. Nilijiona mwerevu. Saa sita usiku maji ndani ya sufuria yalikuwa yameganda na mimi natetemeka hadi meno yanagongana. Nikavaa sweta la pili, nikavaa na koti. Baridi haikupungua, kwa sababu haikuwa inatoka upande niliokuwa naupigania.

Mmoja wa wapagazi wetu, mzee wa Kichagga aliyeweza kuwa baba yangu, alisikia meno yangu. Akaja na tochi, akaniangalia nilivyolala, akasema, “Mwanangu, juu umejifunika kama maiti. Chini umemwachia nani?” Akaniinua. Akachukua magunia mawili ya mkonge, yale aliyobebea viazi na mkaa, akayakunja mara mbili mbili na kuyatandika. Juu yake akaweka blanketi moja, na lile jingine akanifunika. Nililala mpaka jua lilipotoka.

Mzee alichofanya ni fizikia tupu. Joto la mwili hukimbilia kwenye kitu baridi kinachougusa, na ardhi ya mlimani haishibi. Unaweza kuipa joto lako usiku kucha na isipate hata uvuguvugu. Blanketi au begi la kulalia hukupa joto kwa sababu ya hewa iliyotulia ndani ya nyuzi au manyoya yake. Ukililalia, uzito wako unaikamua hewa ile, na kilichobaki ni kitambaa tu. Ndiyo maana begi la bei kubwa haliwezi kukuokoa kwa upande wa chini. Kinachotakiwa huko ni kitu kisichokubali kukandamizwa: nyasi nyingi, gunia lililokunjwa, matete ambayo ndani yana uwazi. Tazama tena kile kirago cha matete, utaona kwamba mababu hawakuwa wanabahatisha.

Asubuhi nilitoka kumshukuru. Nikamkuta ameketi chini ya jabali karibu na majivu, amejikunyata. Magunia yale yalikuwa ndiyo kirago chake. Nilimwuliza kama alilala, akajibu kwamba hakuwa na usingizi. Sikumbishia. Nilikuwa kijana, na jibu lile lilinifaa.

Nimeileta habari hiyo kwa sababu kuna mahali pengine ambapo wapagazi walilala bila kitu cha maana chini yao, na hesabu yake ni ya kutisha. Katika Vita Kuu ya Kwanza, hapa Afrika Mashariki, jeshi la Waingereza liliwatumia wapagazi wapatao milioni moja, wengi kwa kulazimishwa. Zaidi ya 95,000 walikufa. Risasi iliwaua wachache. Waliobaki waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na chakula kibaya. Watu wa nchi za joto walipelekwa nyanda za baridi, wakalala kwenye tope la masika na blanketi lililolowa. Sisemi kwamba mkeka ungewaokoa wote, huo ungekuwa uongo. Lakini yule Mnyamwezi wa karne ya 19 alikuwa na uhuru wa kubeba kirago chake na kukataa kuondoka mvua ikizidi. Huyu wa mwaka 1917 alikuwa na namba shingoni. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza ndilo lililozaa Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, na leo tunakwenda hapo kununua, miongoni mwa mengine, mikeka.

Baada ya vita hivyo na vile vilivyofuata, viwanda vilianza kuiga kazi ya nyasi. Likaja sponji gumu ambalo vitundu vyake vimezibwa kila kimoja peke yake, hivyo halinywi maji na hewa yake haitembei. Kisha mwaka 1971 kiwanda cha ndege cha Boeing, huko Seattle, Marekani, kilipunguza wafanyakazi wengi sana. Miongoni mwa waliofungishwa virago walikuwamo wahandisi wawili wapenda milima, Jim Lea na Neil Anderson. Lea alikuwa akipalilia bustani yake, amepigia magoti kipande cha sponji, akasikia hewa ikitoka puu kila alipokikandamiza. Akawaza: je, sponji hili likivishwa ngozi isiyopitisha hewa, likawekwa na vali? Ukifungua vali sponji linatanuka na kuvuta hewa lenyewe. Ukifunga, hewa haina pa kwenda. Pamoja na mwenzao John Burroughs walianzisha kampuni yao mwaka 1972. Kwa hiyo yule muuzaji wa Morogoro hajadanganya: godoro la kujijaza lipo, na limebuniwa na watu waliokosa kazi.

Sasa nimjibu kijana. Mwaka 2018 taasisi ya viwango ya Marekani, ASTM, ilitoa njia moja ya kupima jinsi kitandiko kinavyozuia joto lisipotee. Kipimo hicho huandikwa kwa herufi R na namba. Mwombe muuzaji akuonyeshe namba hiyo kabla ya kutazama rangi. Sponji gumu la kukunja huwa na R ya 2 hivi. Linatosha Bagamoyo, linatosha Mikumi, lakini kwenye kambi za juu za Kilimanjaro ni dogo. Huko tafuta 4 au zaidi. Godoro la kupuliza lisilo na kitu ndani yake ni laini kweli kweli, na ni mtego, kwa sababu hewa ikiwa na uwanja mpana huzunguka, ikichukua joto mgongoni kwako na kulipeleka ardhini. Ukilitaka la upepo, hakikisha limewekewa sponji, manyoya au matabaka ya kuakisi joto.

Ukilala ubavu, kama mimi, unahitaji unene zaidi kuliko anayelala chali, kwa sababu ile ile ya nyonga ya Galton. Ukilala chali, usitupe fedha kwenye unene. Na ujue kwamba namba za R hujumlishwa: sponji la bei ndogo chini, godoro la kujijaza juu, na usiku wa Barafu utaupita salama. Isitoshe mwiba ukitoboa lile la juu saa nane za usiku, sponji halitobolewi. Ningekuwa na fedha ya kitu kimoja tu ningenunua sponji, nikalikunja pamoja na blanketi, na kuacha fahari kwa wenye fahari. Lijaribu nyumbani kwanza, kwenye sakafu ya saruji, usiku mzima, dirisha likiwa wazi. Mama mwenye nyumba akikuuliza, mwambie mimi ndiye niliyekutuma.

Limebaki moja, ambalo kijana hakuliuliza. Vitandiko hivyo vinne havitapanda mlima vyenyewe. Vitabebwa na wagumu, kama wapagazi wa Kilimanjaro wanavyojiita, ambao kwa utaratibu wa hifadhi mzigo wao usizidi kilo 20. Mwaka 2003 ulianzishwa Moshi mradi wa kuwasaidia, unaojulikana kama KPAP, ambao huwaazima nguo za baridi bila malipo na kufuatilia jinsi kampuni zinavyowalipa, zinavyowalisha na mahali zinapowalaza. Kabla hujalipa, iulize kampuni yako wagumu wako watalala wapi, na juu ya nini. Uliza kwa Kiswahili, mbele yao, usikie kama jibu la ofisini na la uani linafanana.

Ukifika Shira, toka nje ya hema mara moja kabla ya kulala, utazame. Mzee yule sikumwona tena. Tulipofika getini alifunga mzigo wake, magunia yale mawili yakiwa juu, akapokea ujira wake, akashika njia ya Machame kwa miguu.