Shuaiba, Bandari ya Makka Kabla ya Jeddah

Mtoto aliyesoma chuoni katika pwani yetu, awe wa Lamu, Tanga au Pemba, anakijua kisa cha hijra ya Uhabeshi. Jina la Najashi analo kichwani, na anajua jinsi Jaafar bin Abi Talib alivyosimama mbele ya mfalme huyo akasoma aya za Sura ya Maryam. Muulize sasa wahajiri wa kwanza walipandia chombo wapi. Hapo kimya. Hata sisi tunaoishi Jeddah na Riyadh miaka nenda miaka rudi, wengi wetu jibu hatunalo, na mahali penyewe papo, hata jina halijabadilika. Unashika barabara ya pwani iendayo Jizan, unaviacha nyuma viwanda vya kusini mwa Jeddah, na baada ya kilomita 100 hivi unakata kulia kuelekea baharini. Hiyo ndiyo Shuaiba, kijiji cha wavuvi ambacho zamani kilikuwa bandari ya Makka.

Mgeni asiende kwa matumaini ya kuona mji wa mawe kama Gede au Songo Mnara. Ni pwani tambarare ya Tihama: mchanga, ardhi ya chumvi isiyoota kitu, kisha maji ya khori yaliyotulia, na mbali kidogo mstari mweupe ambapo mawimbi yanavunjikia kwenye miamba ya matumbawe. Kando ya khori pana mikoko. Ni mchu ule ule wa Lamu na Rufiji, ila huku umedumaa, maana mvua ni ya kuhesabu na hakuna mto unaoteremsha maji baridi. Chuma jani lake ulitazame juani, utaona punje za chumvi zinametameta. Mti unakunywa bahari na chumvi unaitolea majanini. Wavuvi hutoka na maboti ya faiba, na samaki wanayemsifu ni najil, yaani chewa mwekundu mwenye madoa ya buluu. Akifikishwa Bangala, soko la samaki la Jeddah, bei yake inamfanya mtu wa mshahara mdogo aondoke na changu.

Siku za mapumziko watu ni wengi. Familia zinateremka kutoka Makka na Jeddah, na vijana wetu wa Kenya, Uganda na Tanzania hukodi gari kwa mchango wakaenda kuogelea, kwa kuwa maji ni ya kina kifupi na mchanga ni safi. Wanaoga, wanachoma kuku, wanarudi kabla ya Isha. Sijakutana na hata mmoja aliyekuwa ameambiwa kwamba hapo anapooga ndipo alipopandia chombo Ruqayya, binti wa Mtume.

Kwa nini bandari iwe hapa? Bahari ya Shamu haina tabia za bahari tuliyoizoea. Huku kwetu kaskazi na kusi vinapokezana, na msafiri anajua mwezi wa kwenda na mwezi wa kurudi. Katika nusu ya juu ya Bahari ya Shamu upepo wa kaskazini unavuma karibu mwaka mzima, na ule wa kusini, unaokuja majira ya baridi, unakwisha nguvu kabla ya kufika mbali. Pwani ya Makka iko karibu na pale pepo hizo mbili zinapokutana. Vyombo vilivyotoka Yemen na bahari kuu viliishia huku, na mzigo ukaendelea kwa ngamia au kwa vyombo vidogo. Ongeza matumbawe yaliyotanda kando ya pwani nzima: nahodha alihitaji mwanya kwenye mwamba na maji yaliyotulia ndani yake, na khori za Shuaiba zilimpa. Vyombo vyenyewe wala visingemshangaza fundi wa mtepe wa Lamu. Ibn Jubayr, aliyevuka kutoka Aydhab hadi Jeddah mwaka 1183, aliviona vimeshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari hata mmoja, naye alihofia roho yake njia nzima.

Habari ya kwanza kubwa ya Shuaiba ni ya mbao. Yapata mwaka 605, Mtume Muhammad (s.a.w.) akiwa na umri wa miaka 35 na bado hajapewa utume, Makureshi waliamua kuijenga upya Kaaba. Ile ya awali ilikuwa kuta za mawe yaliyopangwa pasipo udongo, zikimpita mtu kidogo tu kwa urefu, na juu hapakuwa na paa. Mwizi aliingia akaiba hazina yake. Makureshi walitaka jengo refu lenye paa, lakini Makka ni bonde la mawe. Mbao ndefu zingetoka wapi? Bahari ikazileta. Meli ya mfanyabiashara wa Kirumi ilitupwa na mawimbi ikavunjika pwani. Ibn Ishaq, mwandishi wa sira, anasema ilikuwa Jeddah. Azraqi, mwanahistoria wa Makka wa karne ya 9, anaitaja Shuaiba na kueleza kwamba huo ndio uliokuwa ufukwe wa Makka kabla ya Jeddah. Al-Walid bin al-Mughira aliongoza watu wakaenda kuzinunua mbao zile, na pamoja nazo wakampata seremala aliyeitwa Baqum.

Azraqi anatupa hata hesabu ya kuta: safu 31, moja ya mawe na moja ya mbao, 16 za mawe na 15 za mbao. Msomaji aliyewahi kuona picha za kanisa la kale la Debre Damo huko Tigray atashtuka, maana ndivyo mafundi wa Aksum walivyojenga, mawe kwa mbao, safu juu ya safu. K. A. C. Creswell, mtaalamu wa usanifu wa Kiislamu, aliliandikia jambo hili makala mwaka 1951, akatoa rai kwamba Baqum alikuwa Mhabeshi na kwamba jina lake ni lile lile Enbaqom la Wahabeshi. Vitabu vya sira vinamwita Mrumi, na mimi sioni sababu ya kulazimisha jibu. Lakini mtindo wa ukuta ni ushahidi wenye uzito wake. Ikiwa ni kweli, basi Makureshi walipoijenga Kaaba ambamo Mtume mwenyewe aliliweka Jiwe Jeusi kwa mikono yake, walijenga kwa ufundi wa ng'ambo ya Afrika na kwa mbao zilizookotwa Shuaiba.

Miaka 10 hivi baadaye ufukwe ule ule ukatumika kuokoa watu. Ilikuwa Rajab ya mwaka wa 5 wa utume, yaani 615. Mateso yalikuwa yamezidi, na Mtume akawaelekeza wafuasi wake Uhabeshi, kwa mfalme ambaye kwake hadhulumiwi mtu. Waliotangulia walikuwa wanaume 11 au 12 na wanawake 4. Wanawake hao wanastahili kutajwa kwa majina: Ruqayya, aliyekuwa na mumewe Uthman bin Affan, Umm Salama, aliyekuja kuwa mke wa Mtume, Sahla binti Suheil, na Layla binti Abi Hathma. Katika wanaume walikuwemo Zubeir bin al-Awwam, Abdurrahman bin Auf na Musab bin Umeir. Walitoka Makka kwa siri, wengine wamepanda wanyama, wengine kwa miguu, wakateremka hadi Shuaiba. Wapokezi wa habari wanasema walikuta majahazi mawili ya wafanyabiashara yanaondoka, wakachukuliwa kwa nauli ya nusu dinari. Makureshi waliwafuata mpaka pwani wakakuta maji matupu.

Naipenda habari hii ya nauli kuliko nyingine zote katika kisa hiki. Inaonyesha kwamba safari ya kwenda Uhabeshi ilikuwa jambo la kawaida, yenye bei inayojulikana na manahodha wanaokwenda na kurudi. Wahajiri hawakukisia njia baharini. Walipanda chombo cha biashara kama vile babu zetu walivyopanda majahazi ya Mombasa kwenda Mukalla, wakalipa nauli. Biashara hiyo kati ya Hijaz na ufalme wa Aksum, ambao bandari yake kuu ilikuwa Adulis katika Eritrea ya leo, ilikuwa ya kale kuliko Uislamu wenyewe, na Shuaiba ilikuwa mlango wake mmojawapo.

Waliorudi mwisho, Jaafar na wenzake, waliletwa na majahazi mawili ya Najashi mwaka wa 7 wa Hijra. Hao hawakushukia Shuaiba, kwa sababu Makka ilikuwa bado mikononi mwa Makureshi; walishukia al-Jar, bandari ya Madina. Miaka miwili baadaye Shuaiba inatajwa tena katika kitabu cha mwanahistoria Waqidi, pale watu wa pwani hiyo walipoona vyombo vya Wahabeshi vikinyemelea, na Alqama bin Mujazziz akatumwa na watu 300 kuwafukuza.

Kisha ukaja mwaka wa 26 wa Hijra, 647 kwa kalenda ya Miladia. Khalifa alikuwa Uthman bin Affan, yule yule aliyeteremka Shuaiba na Ruqayya miaka 32 nyuma akitafuta jahazi la kumtoa hatarini. Watu wa Makka walimwomba awahamishie bandari Jeddah, karibu zaidi na mji wao. Wanahistoria wa Makka wanasimulia kwamba alikwenda mwenyewe kuitazama, akaingia baharini akaoga, akaisifu kuwa ni yenye baraka, akaamuru ihamishwe. Sijui kama aliikumbuka nauli ya nusu dinari siku ile, lakini ni vigumu kwangu kusoma habari hii bila kumwona kijana aliyekuwa mkimbizi akiufunga mlango alioutokea, kwa kuwa ukimbizi ulikuwa umekwisha.

Wapo wanaoitilia shaka habari hii. Mwaka 1984 msomi wa Kiingereza G. R. Hawting alichapisha makala kuhusu chimbuko la Jeddah na tatizo la Shuaiba, akionyesha jinsi mapokezi yanavyoyabadilishana majina hayo mawili, kama tulivyoona katika kisa cha meli iliyovunjika. Hoja yake ni ya kusikilizwa. Hata hivyo, kumbukumbu ya kwamba Makka ilikuwa na ufukwe mwingine kabla ya Jeddah imeshikiliwa na Wamakka wenyewe, na watu hawana faida ya kubuni umaarufu wa kijiji kilichokwisha kusahaulika.

Baada ya bandari kuhamishwa, Shuaiba ilirudi kwa wavuvi. Mbao zake hazikudumu sana: mwaka 683, Makka ilipozingirwa, Kaaba ilishika moto, na aliyeijenga upya alikuwa Abdallah mwana wa Zubeir bin al-Awwam, yule abiria wa Shuaiba. Jeddah ikakua. Mahujaji wa pwani yetu waliokuja kwa majahazi, na baadaye kwa meli za moshi kupitia Aden na karantini ya kisiwa cha Kamaran, walipita mkabala wa pwani hii hii ya kusini. Wakifika usawa wa Yalamlam walivua nguo zilizoshonwa wakavaa ihramu mle mle chomboni, talbiya zikaanza. Shuaiba ilikuwa mbele yao kidogo, upande wa kulia. Ni wachache mno walioambiwa.

Kilichoirudisha Shuaiba katika maisha ya Makka ni maji. Makka haijawahi kutosheka kwa maji. Ndiyo maana Zubayda, mke wa Harun al-Rashid, aliichimbia mfereji, na ndiyo maana jina lake halijafutika hadi leo. Jeddah nayo ilikunywa maji ya mvua yaliyowekwa katika birika, mpaka Mfalme Abdulaziz alipoiletea maji ya Wadi Fatima mwaka 1947. Mwaka 1989 kituo cha kwanza cha kuondoa chumvi kilianza kazi Shuaiba. Maji yake yalisukumwa hadi Makka, kisha yakapandishwa milimani mpaka Taif, mji ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Vituo vikaongezeka. Mradi wa awamu ya tatu, uliokamilika karibu na mwaka 2010, ulijengwa kutoa mita za ujazo 880,000 kwa siku pamoja na megawati 900 za umeme. Siku hizi, ndani zaidi kutoka pwani, pametandazwa paneli za jua zenye uwezo wa zaidi ya megawati 2,600. Haji wa Unguja anayetawadha hotelini Makka huenda anatawadha kwa maji ya bahari ile ile waliyoivuka Uthman na Ruqayya.

Ng'ambo ya pili kumbukumbu imewekewa alama. Negash, huko Tigray, pana msikiti wa Najashi, uliojeruhiwa katika vita vilivyozuka mwaka 2020, nao Massawa una msikiti unaonasibishwa na Masahaba. Upande huu, wanaakiolojia wa Saudi Arabia na wenzao wa Chuo Kikuu cha Marburg, Ujerumani, walipiga mbizi katika muongo uliopita kati ya Rabigh na Shuaiba wakitafuta mabaki ya meli za kale, na tangu 2020 nchi ina Tume ya Urithi iliyo chini ya Wizara ya Utamaduni. Jeddah ya kale, al-Balad, ilitambuliwa na UNESCO mwaka 2014, na ilistahiki. Lakini historia ya bandari ya Makka haianzii kwenye milango ya Balad. Kibao kimoja tu mahali watu wanapoegesha magari, chenye mwaka 615, majina ya wale wanawake 4 na bei ya nauli, kingetosha kwa kuanzia; na waalimu wa vyuo wanaoleta vikundi vya umra kutoka Mombasa, Zanzibar na Kampala wanaweza kuipangia Shuaiba siku moja katika ratiba zao hata kabla kibao hakijasimikwa. Basi la kikundi linaenda na kurudi baina ya Adhuhuri na Magharibi.